Muulize Fundi: Kompyuta zote mbili zina intaneti, ila hazionani

Kaka Fundi, habari za kazi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na sherehe hapa Tanga. Sebule ya mbele nimeigeuza studio. Pale anakaa mdogo wangu, anapokea wateja, anatoa picha za pasipoti na kuchapisha kazi zilizokamilika. Mimi nakaa chumba cha uani, ndiko ninakohariri, maana mbele kelele haziniachi. Ukifuata ukuta, kutoka mbele mpaka kwangu ni kama mita arobaini na tano.

Siku zote tumekuwa tukihamisha kazi kwa flashi. Mteja amekaa, mdogo wangu anakimbia uani, anasubiri nikopi, anakimbia kurudi, anakuta nimempa folda siyo. Na flashi za wateja nazo zimeshaniletea virusi. Nikasema basi, tuvute waya.

Akaja fundi wa mtaani, kijana mstaarabu tu. Akatoa waya wa kijivu kwenye rauta ya kampuni ya intaneti iliyoko mbele, akaupitisha kwenye tundu la hewa, ukatambaa nje juu ya ukuta hadi chumbani kwangu. Kwa kuwa nilitaka na Wi-Fi ya simu huku nyuma, nikampa rauta ya zamani iliyokuwa imelala kabatini. Waya ukaingia kwenye rauta hiyo, na kompyuta yangu ikachomekwa hapo hapo. Akapima waya kwa kile kifaa chenye taa, zikawaka zote nane kwa kufuatana, akaniambia, "Dada, waya mzima kabisa huu."

Intaneti ipo pande zote mbili, kwa hiyo nikajua mambo yamekwisha. Kumbe bado. Kompyuta ya mbele haiioni yangu kabisa. Mdogo wangu akiandika anwani yake, Windows inazunguka weee, halafu inaleta kosa 0x80070035. Akipiga ping, yaani kuiita kompyuta nyingine ili ijibu, hapati jibu hata moja. Cha ajabu, mimi nikipiga ping ya mbele inajibu! Ila nikitaka kufungua folda ya mbele inaniomba jina na neno la siri. Naweka PIN ile ile tunayofungulia kompyuta hiyo kila asubuhi, inaikataa.

Fundi alirudi, akazima fayawoli na antivairasi kwenye kompyuta zote mbili. Hakuna kilichobadilika. Sasa anasema kompyuta ya mbele ipigwe Windows upya, na ikishindikana ninunue kadi mpya ya mtandao. Mimi naogopa, kazi za wateja zimo humo. Halafu intaneti ya huku nyuma ni nzito, video inakatakata, wakati mbele inateleza tu.

Nimeona huwa unawaambia watu watume majibu ya ipconfig, ile amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, nami nimefanya hivyo. Mbele ni Windows 11 Pro, anwani 192.168.1.12, geti 192.168.1.1. Nyuma ni Windows 10, anwani 192.168.0.101, geti 192.168.0.1. Nimeambatanisha na picha ya kichwa cha waya upande wangu.

Nisaidie kaka, msimu wa harusi umeshafika.

Mpiga Picha wa Uani, Tanga

JIBU

Dada Mpiga Picha, Windows isipigwe upya na kadi usinunue. Laiti kila anayeniandikia angetuma namba na picha kama wewe, safu hii ingekuwa fupi zaidi. Shida yako imeandikwa ndani ya barua yako mwenyewe.

Tazama anwani zako mbili. Ya mbele inaanza na 192.168.1, ya nyuma inaanza na 192.168.0. Kwenye mtandao wa kawaida wa nyumbani, ule ambao ipconfig inaonyesha 255.255.255.0 chini ya anwani, namba tatu za mwanzo lazima zifanane ndipo kompyuta zihesabiane kuwa ziko pamoja. Zako hazifanani. Kwa hiyo una mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na hilo ndilo fundi wako hakuliona, kwa sababu alidanganywa na kitu kinachowadanganya wengi: intaneti ilikuwepo. Kompyuta mbili kupata intaneti hakuthibitishi kwamba zimo kwenye mtandao mmoja. Hata kompyuta yangu na yako zote zina intaneti.

Mitandao miwili imetoka wapi? Kwenye ile rauta ya kabatini. Nyuma yake kuna poti moja imejitenga na wenzake, mara nyingi ina rangi tofauti, imeandikwa WAN au Internet. Nina hakika waya wa kutoka mbele umechomekwa hapo. Ukiuchomeka hapo, rauta inaamini kuwa upande ule ni dunia ya nje, inajenga mtandao wake mpya upande wa ndani na kuanza kugawa anwani zake yenyewe. Kuanzia hapo inafanya kazi kama geti lenye mlinzi. Aliye ndani akitoka, mlinzi anamkumbuka na kumfungulia akirudi. Mgeni aliyekuja bila kuitwa hafunguliwi. Ndiyo maana wewe ulipiga ping ukajibiwa: ombi lilitoka ndani, jibu likaruhusiwa kurudi. Mdogo wako yeye hata getini hakufika. Alipoandika 192.168.0.101, kompyuta yake iliona anwani hiyo si ya mtandao wake, ikaikabidhi kwa rauta ya mbele. Rauta ya mbele haijui mtandao wowote wa 192.168.0 ndani ya nyumba, ikausukuma ujumbe kwa kampuni ya intaneti, na ukafia huko. Hapo hata ungezima fayawoli mia, ungepata kosa lile lile.

Kabla hujagusa waya wowote, keti kwenye kompyuta yako huku nyuma, fungua kivinjari na uandike 192.168.0.1. Utaingia kwenye ukurasa wa rauta ndogo. Jina na neno la siri huwa kwenye kibandiko chini yake, kama hakuna aliyeyabadilisha. Tafuta kwanza kama ina hali inayoitwa Access Point, yaani ya kupitisha mtandao na Wi-Fi tu bila kujenga mtandao wake. Kama ipo, chagua hiyo, hifadhi, iache iwake upya, na waya ubaki ulipo. Umemaliza sehemu hii, ruka aya inayofuata.

Kama ni ya zamani na haina hali hiyo, nenda kwenye mipangilio ya LAN, yaani mtandao wa ndani, ubadilishe anwani ya rauta yenyewe kutoka 192.168.0.1 iwe 192.168.1.2. Itakutoa nje, ni kawaida. Washa kompyuta upya, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, tafuta DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, na uizime. Usiisahau hii. Ukiiacha, rauta mbili zitakuwa zinagawa anwani kwa wakati mmoja, na utanilalamikia kwamba mtandao leo upo, kesho haupo. Jambo moja la kuangalia: ingia pia kwenye rauta ya mbele uone inagawa anwani kuanzia ngapi. Kama inaanzia 2, isogeze ianzie 10 au 20, ili isije ikampa mtu mwingine ile 192.168.1.2 uliyoichukua. Ukishahifadhi yote, chomoa waya kwenye poti ya WAN na uuchomeke kwenye mojawapo ya poti za kawaida, zile ilimochomekwa kompyuta yako. Poti ya WAN ibaki tupu. Rauta yako sasa ni swichi, yaani kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao, yenye Wi-Fi, basi.

Washa kompyuta yako upya, piga ipconfig. Ukiona 192.168.1 na namba yoyote mwishoni, tumefika. Ukiona 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Hapo kagua waya na taa za poti kabla ya kitu kingine.

Sasa fayawoli. Irudishe, tafadhali, pande zote mbili, na antivairasi pia. Nyumba yako inapokea flashi za watu wasiojulikana kila siku, na sasa unaunganisha kompyuta inayozipokea na kompyuta yenye kazi zako zote. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupita humo humo kwenye njia ya kushirikiana mafaili ya Windows, kikaruka kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Windows 10 yako nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukipata nafasi ihamishie Windows 11, mashine ikikubali.

Fayawoli haikuzuii kushirikiana mafaili, mradi Windows ijue uko nyumbani. Kwa kuwa umebadilisha mtandao, Windows ya kompyuta yako huenda ikauona kuwa mgeni na kuupa daraja la "Public", na kwenye daraja hilo inajifungia, haijibu hata ping. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, bofya muunganisho wa Ethernet (wa waya), chagua "Private". Fanya hivyo hivyo mbele. Halafu kwenye mipangilio ya kushirikiana, washa kuonekana kwa kompyuta na kushirikiana mafaili kwa upande wa "Private" tu. Baada ya hapo mdogo wako apige tena ping. Itajibu.

Linakuja suala la PIN. PIN ya Windows ni ya kufungulia mashine ukiwa umekaa mbele yake. Haisafiri kwenye waya, na kompyuta nyingine haiitambui. Folda inapokuomba jina na neno la siri, inataka jina la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye hiyo folda, pamoja na neno la siri la akaunti hiyo. Kama mbele mnaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina ni barua pepe na neno la siri ni la barua pepe hiyo. Kama ni akaunti isiyo na neno la siri kabisa, Windows itakataa pia, kwa sababu kwa kawaida hairuhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti tupu.

Mimi nisingehangaika na hayo. Tengeneza akaunti ya kawaida kwenye kila kompyuta, iite "studio" au jina lolote, isiwe na madaraka ya msimamizi, uipe neno la siri, kisha uishirikishe folda moja tu kwa akaunti hiyo. Folda ya "Kazi za kuchapisha" mbele, folda ya "Kazi mpya" nyuma. Ukifungua kutoka upande wa pili, ingiza jina na neno la siri mara moja, weka alama ya kukumbuka, hutaulizwa tena. Jina liandike likitanguliwa na la kompyuta yenyewe, kwa mfano MBELE\studio, ili Windows isichanganye. Kuna watakaokushauri uzime neno la siri kabisa ili kila mtu aingie kama mgeni. Ushauri huo umepitwa na wakati. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inakataa yenyewe kuingia kwenye folda za wageni, na hata isingekataa, hutaki simu ya kila mteja aliyepewa Wi-Fi ichungulie picha za bibi harusi wa watu.

Hapo hazitakimbizwa tena flashi. Lakini bado hujapona, kwa sababu ile picha ya kichwa cha waya ndiyo iliyonifanya niikuze kwenye skrini.

Kichwa chako kinaonekana vizuri, ni cha plastiki angavu. Kutoka kushoto nimesoma: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kinapendeza machoni, kila rangi imekaa na mwenzake. Na ndicho kinachokutesa. Mpangilio unaotumiwa na wengi, unaoitwa T568B, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani na bluu zimebadilishana nafasi, na hazikubadilishana kwa urembo.

Ndani ya ule waya wa kijivu kuna jozi nne, na kila jozi imesokotwa nyuzi mbili pamoja. Msokoto ndio unaofuta kelele za umeme: nyuzi mbili za jozi hubeba mawimbi yanayopingana, kelele ikizipata zote mbili sawasawa, mashine upande wa pili inaitoa. Vifaa vya mtandao vinatumia pini ya 1 na 2 kama jozi, 3 na 6 kama jozi, 4 na 5, kisha 7 na 8. Kwa mpangilio wa fundi wako, pini ya 3 ina nyeupe-kijani na pini ya 6 ina bluu. Hizo hazikusokotwa pamoja. Kila moja imesokotwa na mwenzake wa jozi nyingine, kwa hiyo zinamwagiana kelele mita zote arobaini na tano.

Na kile kifaa chenye taa nane? Hakikusema uongo. Kinapima jambo moja tu, kama uzi ulioanzia pini ya 1 umefika pini ya 1 upande wa pili, na kuendelea hadi 8. Kama vichwa vyote viwili vimekosewa kwa namna ile ile, taa zitawaka zote kwa kufuatana, na waya utakuwa mbovu. Kwenye waya wa mita moja mbili usingegundua. Kwa urefu wako, vifaa hupoteza vipande vya data, vinavirudia, au vinashuka mwendo hadi megabiti 100 au hata 10 kwa sekunde. Ndiyo hiyo video inayokatakata.

Mwite fundi yule yule, wala usimfokee, maana kosa hili nimelikuta hadi kwenye maofisi makubwa. Akate vichwa vyote viwili na kubana vipya kwa mpangilio niliouandika, sawasawa pande zote. Asifungue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la kijivu liingie ndani ya kichwa ili kibano kilishike ganda, si nyuzi. Ni vichwa viwili na dakika chache. Akishakata, chukua kipande cha uzi mmoja ukikwangue kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe kama fedha, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Unakatika upesi ukikunjwa, na sitakushauri uutegemee kwa urefu huo.

Waya wa kijivu wa ndani haukutengenezewa jua la Tanga. Ganda litakauka na kupasuka, maji yataingia. Siku ya kuubadilisha nunua ule mweusi wa nje, na upite mbali na nyaya za umeme, usilazwe nazo kwenye bomba moja. Radi zikianza, chomoa waya huo pande zote mbili, kwa sababu waya wa shaba uliopita nje unaweza kuleta shoti ya radi hadi kwenye kompyuta. Ukiwa na pesa baadaye, kati ya nyumba na uani vuta faiba, yenyewe haibebi umeme.

Mwisho ni mwendo. Vichwa vikishabanwa upya, fungua hali ya Ethernet kwenye kompyuta yako usome "Speed". Rauta nyingi za zamani zina poti za megabiti 100, na usishangae ukikuta hivyo hata waya ukiwa safi. Kwa mwendo huo utahamisha karibu megabaiti 11 kwa sekunde, yaani kadi ya harusi ya GB 32 itachukua kama dakika hamsini. Kwa megabiti 1000 kadi hiyo hiyo huenda ikaisha kwa dakika tano hivi, diski zikimudu. Swichi ndogo ya poti tano yenye gigabiti, yaani hiyo megabiti 1000, si ghali. Itangulie kupokea waya kutoka mbele, kompyuta yako ichomekwe humo, na rauta ya zamani nayo ichomekwe humo ibaki na kazi ya Wi-Fi tu. Angalia kwanza kama rauta ya mbele na kompyuta zote mbili nazo ni za gigabiti, la sivyo swichi haitakuongezea kitu. Na kama kazi kubwa huwa unaziacha zikikopi usiku, pesa hiyo nunulia diski ya akiba.

Anza na rauta leo jioni, wateja wakishaondoka. Ikigoma, niandikie anwani mpya za pande zote mbili, na safari hii piga picha ya kichwa cha mbele pia.